Bomu Halitafutwi kwa Sururu: Temeke Inahitaji Mashine, Siyo Pole



Jumamosi iliyopita nilikuwa Mbagala Kuu kwa jamaa yangu anayechimba shimo la choo. Mafundi wawili, shimo limeshafika kifuani, stori za Simba na Yanga zinaendelea. Mara sururu ikagonga chuma, ngaa! Stori zikakatika. Fundi wa chini akaganda. Wa juu akarudi nyuma hatua tatu. Mama mwenye nyumba akaita watoto ndani. Dakika nzima hakuna aliyesema kitu. Baadaye yule wa chini akafukua kwa vidole, taratibu kama anatoa yai kwenye kiota. Ilikuwa springi ya gari, imeoza. Watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Kicheko kile kimenikaa kichwani wiki nzima. Mgeni kutoka Mbezi angetuuliza, "Kwani mnaogopa nini?" Sisi wa huku hatuulizani. Tunajua.

Kwa wadogo zangu ambao mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni: Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya saa sita mchana, ghala la silaha katika kambi ya JWTZ pale Mbagala lililipuka. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka mwalimu akisema tulale chini, halafu akabadilisha akasema tukimbie. Tulikimbia hadi tukasahau tunakimbilia wapi. Mabomu yalipita juu yetu yakiangukia vyumbani, uani, barabarani. Watu zaidi ya 20 walikufa, askari wakiwemo, na wapo waliozama mtoni wakikimbia. Mamia walijeruhiwa. Maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka.

Tukaambiwa pole. Tukaambiwa halitajirudia.

Haikupita miaka miwili. Jumatano nyingine, tarehe 16 Februari 2011, safari hii usiku, ghala la kambi ya Gongo la Mboto, upande wa Ilala, nalo likalipuka. Watu wasiopungua 20 wakafa. Maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru, uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda, watoto wakapotezana na wazazi gizani. Waziri wa Ulinzi alikuwa yuleyule wa Mbagala, Dk. Hussein Mwinyi. Wapinzani walimtaka ajiuzulu. Hakujiuzulu. Leo ni Rais wa Zanzibar. Hiyo ndiyo nchi yetu: mwenye nyumba iliyobomoka anahangaikia fidia miaka, mwenye dhamana anapanda ngazi.

Lakini leo sijaja kulilia 2009. Nataka tuongee kitu ambacho hata sisi wapinzani tumekisahau: kilichobaki ardhini.

KILICHOBAKI

Ghala la silaha likilipuka, si kila bomu linalipuka. Mengine yanarushwa na nguvu ya mlipuko yakiwa mazima, yanaruka kilomita kadhaa, yanatua na kukaa kimya. Yanayotua kwenye lami au juu ya bati yanaonekana na yanaokotwa. Yanayotua kwenye bustani ya mchicha, kwenye bonde, kwenye dimbwi au kwenye kichanga laini kama cha huku kwetu yanaweza kuzama kabisa na juu pakafunga. Hiki siyo kitu cha Mbagala peke yake. Ghala la Malhazine pale Maputo lilipolipuka Machi 2007, zaidi ya watu 100 walikufa na makombora yakatapakaa mitaani. Popote ghala linapolipuka katikati ya mji, kazi ya pili ni kusafisha ardhi.

Kweli, baada ya milipuko ile wanajeshi wetu walipita mitaani, wakakusanya na kulipua kilichoonekana. Nawapa heshima yao, kazi ile ni ya roho mkononi. Ila kuokota kilichoonekana juu na kupima kilichozama chini ni kazi mbili tofauti. Swali langu kwa serikali ni jepesi: ile kazi ya pili, ya kupima ardhi mtaa kwa mtaa kwa vifaa, ilifanyika wapi, iliishia kina gani, na ramani yake iko wapi? Kama ipo, ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye kiwanja aione kabla hajamwita fundi wa shimo.

Mwaka 2009 baadhi ya maeneo haya yalikuwa mashamba na mapori ya mikorosho. Leo ni nyumba juu ya nyumba. Kila msingi, kila choo, kila kisima ni jembe linaloingia mahali ambapo pengine hakuna aliyewahi kupima. Siwatishi. Inawezekana kabisa mtaani kwako hakuna kitu. Ila "inawezekana" siyo jibu la serikali. Hilo ni jibu la mtu anayebeti.

"TANZANIA HATUNA MABOMU YA KUTEGWA"

Hapo ndipo chawa wa mitandaoni wataruka. Eti hii nchi ya amani, hatukuwahi kutegewa mabomu, hayo mambo ya Angola na Msumbiji.

Ni kweli hatuko kama Angola. Na kwa hili niseme ukweli hata kama ni ya serikali ya CCM: Tanzania ilisaini mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 1997, ikauridhia mwaka 2000, na kufikia 2004 ilikuwa imeteketeza akiba yake ya mabomu hayo zaidi ya 20,000. Wakifanya vizuri tunasema.

Lakini bomu halina kitambulisho cha taifa. Tarehe 8 Novemba 2017, Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, kule Kagera karibu na mpaka wa Burundi. Mtoto aliokota kitu cha chuma, akadhani ni skrepa ya kwenda kuuza. Akaja nacho shuleni. Kikalipuka. Wanafunzi 5 walikufa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Watoto, na daftari zao, kwa sababu ya chuma chakavu kinachouzwa kwa kilo.

Sasa zunguka Mbagala, Charambe, Chamazi, Kitunda, au vuka uende Manzese kule Ubungo na Tandale kule Kinondoni. Hesabu watoto na vijana wanaosukuma matoroli ya skrepa. Hao ndio wataalamu wetu wa kutegua mabomu. Hawana mafunzo, hawana kofia, malipo yao ni shilingi mia kadhaa kwa kilo. Tumewapa kazi ambayo duniani inafanywa na mashine, halafu tunasema nchi ina amani.

Na askari wetu je? Mwishoni mwa Desemba 2021, Watanzania 3 waliokuwa kwenye jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa kule Jamhuri ya Afrika ya Kati walijeruhiwa baada ya gari lao kukanyaga kilipuzi. Wale ni kaka zetu. Ujuzi wa mashine za kusafisha ardhi ungewalinda wao huko na kutulinda sisi huku.

MASHINE ZENYEWE ZIKOJE

Wengi wetu tukisikia kutegua bomu tunawaza zile filamu: jamaa jasho linamtoka, anakata waya mwekundu au wa bluu. Uhalisia ni mwingine. Kazi yenyewe inachosha na inakwenda polepole sana. Mtu mwenye detekta na kisu cha kuchokolea udongo, kwa siku nzima, anaweza kumaliza eneo la vyumba viwili vitatu vya kupanga, vile vya kumi kwa kumi. Akipiga chafya vibaya, familia inaandaa matanga.

Ndiyo maana zikaja mashine. Zipo zenye minyororo inayozunguka kwa kasi mbele, kila mnyororo una nyundo mwishoni. Zinapiga ardhi na kulipua au kusagasaga bomu, huku dereva yuko mbali ameshika rimoti. Zipo zenye meno kama trekta la kulimia, ila bodi ni ya chuma kizito. Kwenye eneo la wazi na ardhi nzuri, mashine ya aina hiyo inaweza kumaliza eneo la uwanja wa mpira kwa siku moja. Ikilipukiwa, unabadilisha nyundo. Mguu wa kijana hauna spea.

Lakini tusidanganyane. Mashine ya nyundo ni ya mabomu ya kutegwa kwenye mashamba. Huwezi kuipitisha Mbagala Kizuiani kati ya nyumba ya mama ntilie na msikiti, na huwezi kupiga nyundo kombora la mizinga ukatarajia kubaki na mtaa. Na hata huko mashambani haisafishi asilimia zote, lazima baadaye apite mtu au mnyama kuhakiki. Anayekuuzia mashine moja ya kumaliza kila kitu ni sawa na yule wa dawa ya magonjwa 40 pale Kariakoo.

Kwa mazingira ya mjini, vifaa ni vingine. Kuna detekta zenye fremu kubwa, za kusukumwa au kuvutwa, zinazosoma chuma kilichozama mita kadhaa, zikirekodi kila kituo kwa setelaiti. Ni ndugu wa zile ambazo wachimbaji wadogo wa Chunya wanatafutia dhahabu. Kuna droni zinazopiga picha na kupima kutoka juu. Kuna ekskaveta zilizowekewa vyuma na vioo vizito ili mwendeshaji achimbe akiwa salama. Kuna mashine za kuchekecha udongo. Na kuna roboti ndogo ya magurudumu, yenye mkono na kamera, inayokwenda kusogeza kitu badala ya binadamu.

NA PANYA WETU WA MOROGORO

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Nchi moja inayosifiwa duniani kote kwa kugundua mabomu ni hii hii yetu.

Pale SUA, Morogoro, tangu mwaka 2000 kuna makao ya APOPO, shirika lenye asili ya Ubelgiji linalofundisha panya buku kunusa baruti. Ndiyo, panya buku hawahawa wanaotuchimbia mihogo. Wanafundishwa miezi tisa hivi. Ni wepesi, wanapita juu ya bomu bila kulilipua. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya anamaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye detekta anaweza kutumia hadi siku nne. Kwa nini? Kwa sababu detekta inalia kwa kila chuma: msumari, kifuniko cha soda, kipande cha bati. Panya hana shida na msumari, yeye ananusa baruti tu. Fikiria ardhi ya uswahilini ilivyojaa misumari, halafu uniambie nani anafaa kuhakiki.

Panya wa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa Septemba 2015 kuwa imemaliza maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana. Mmoja, Magawa, alipelekwa Cambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza kwa ushujaa. Na kwa taarifa yako, panya wa shirika hilohilo wananusa makohozi ya wagonjwa wa TB wanaopimwa kliniki za hapahapa Dar es Salaam. Yaani panya wameshafika Dar. Wamefika hospitali. Kwenye viwanja vya Mbagala ndiyo tunashindwa kuwaita?

UNAFUU UKO WAPI

Mtu wa serikali atasema: kijana, mashine hizi ni ghali. Ni kweli, hazinunuliwi kwa bei ya bajaji. Lakini wanaoijua kazi hii wanakwambia gharama kubwa siyo mashine. Gharama kubwa ni kupeleka mashine na watu mahali ambapo hakuna bomu. Sehemu kubwa ya ardhi inayoshukiwa, ikipimwa, inakutwa haina kitu.

Kwa hiyo ujanja uko kwenye mpangilio. Kwanza unauliza watu: wewe uliyekuwepo 2009, uliona lilianguka wapi, lilikoma kulia wapi? Wazee wa mtaa wanakumbuka, na hilo halina gharama zaidi ya daftari na nauli. Pili unapima kwa droni na detekta kubwa, unafuta maeneo safi kwenye ramani. Tatu, pale palipobaki na shaka ndipo unapeleka panya na mashine. Mwisho kabisa, kwenye shimo moja ulilolijua, ndipo anakwenda binadamu mwenye mafunzo. Binadamu awe wa mwisho. Sisi tumempanga wa kwanza, tena mtoto, tena bila viatu.

Halafu weka upande wa pili wa mizani: fidia, vitanda vya hospitali, maelfu ya watu kulala uwanjani, miguu ya bandia, kesi, tume za uchunguzi na posho zake. Nchi inayoweza kubadilisha mashangingi kila awamu isituambie kupima ardhi ya Temeke ni anasa.

Na si lazima tununue kila kitu. Croatia ina watu wachache kuliko Dar es Salaam. Ilitoka vitani miaka ya 1990 ardhi ikiwa imejaa mabomu. Badala ya kukaa kusubiri misaada, mafundi wao wakaunda mashine za rimoti. Leo kampuni ya huko, DOK-ING, inauza mashine duniani, na Ukraine inazitumia. Sisi tuna Shirika la Nyumbu pale Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi yenyewe, lililowahi kuunda lori. Tuna DIT. Tuna VETA Chang'ombe, hapahapa Temeke. Tuna vijana wanaoweza kugeuza injini ya pikipiki kuwa chochote. Wape zabuni ya ekskaveta yenye kinga na roboti ya kusogeza vilipuzi. Ajira tunazoimba kila kampeni ziko hapo.

TUNATAKA NINI

Wapo watakaosema tunachafua jeshi. Hapana. Anayelichafua jeshi ni anayemtuma askari aokote kombora kwa mkono wakati roboti zipo. Wengine watasema ni siri za usalama wa taifa. Idadi ya mizinga iwe siri, sawa. Kiwanja changu kina bomu au hakina, hiyo siyo siri ya taifa. Huo ni uhai wangu.

Kama vijana wa chama, nashauri hoja hizi ziende kwenye vikao vyetu vya kata na majimbo, na kila mgombea wetu wa udiwani na ubunge wa Temeke na Ilala azibebe:

1. Ripoti za uchunguzi za Mbagala na Gongo la Mboto ziwekwe hadharani kwa ukamilifu.

2. Ardhi inayozunguka kambi zote mbili ipimwe kwa vifaa, na matokeo yatolewe mtaa kwa mtaa. Anayetaka kujenga apimiwe bure kabla ya kuchimba.

3. JWTZ litengewe bajeti ya vifaa vya kupima na kutegua kwa mbali, lishirikiane na SUA na wafundisha panya wa Morogoro, na Nyumbu wapewe kazi ya kuunda kinachoundika hapa.

4. Silaha zilizopitwa na wakati ziteketezwe kwa utaratibu kabla hazijajiteketeza zenyewe, na maghala yatoke katikati ya makazi.

5. Wauza skrepa wapewe mafunzo na picha za vitu vya kuogopa, na anayetoa taarifa asigeuzwe mtuhumiwa. Mtu akijua atalala mahabusu, atakitupa jalalani.

Wakati tunadai hayo, kila mmoja wetu ana kazi ya kuanza nayo leo. Ukiona chuma usichokielewa, kiwe shimoni au kwenye toroli la dogo: usiguse, usitikise, usikirushe, usikipige picha kwa karibu. Weka alama, ondoa watu, mwambie mwenyekiti wa mtaa na upige polisi 112. Waambie na wadogo zako. Kilo moja ya chuma haijawahi kumtajirisha mtu.

Yule fundi wa Mbagala Kuu alimaliza shimo siku ileile. Wakati wa kulipwa nikamuuliza, hivi kama isingekuwa springi? Akafuta jasho, akasema, "Kaka, sasa ningefanyaje? Watoto wanakula."

Serikali inayomwacha mtu kwenye swali hilo imeshindwa kazi. Tutaiuliza mpaka ijibu, na isipojibu, tutaiondoa kwa kura.

Aluta continua. Tukutane vikaoni.